Würzburg: mji wa maaskofu waliokuwa na mizinga

Wageni wengi wa Würzburg, Ujerumani, huchukua ramani ya bure katika ofisi ya utalii, wakatia alama vivutio kumi, wakavimaliza kabla jua halijazama, kisha wakapanda treni na picha nzuri na maswali ambayo hakuna aliyewajibu. Mji wenye watu wapatao 130,000 umepataje makao mawili ya kitawala, moja juu ya kilima na jingine bondeni, ilhali haukuwahi kuwa na mfalme wake? Mbona hospitali zake zinauza mvinyo? Na mbona mji unaosifika kwa ukale umejaa nyumba zinazofanana na flati za miaka ya 1950?

Maswali mawili ya kwanza yana jibu moja, nalo ni askofu. La tatu jibu lake ni dakika kama ishirini za usiku mmoja. Ukiyashika hayo, mji wote unasomeka.

Mimi ningekushauri uanzie darajani. Würzburg iko kaskazini mwa jimbo la Bavaria, kwenye Mto Main, katikati ya Frankfurt na Nürnberg. Treni ya kasi kutoka Frankfurt huchukua kama saa moja na dakika kumi, na kutoka stesheni hadi Alte Mainbrücke, yaani Daraja la Kale la Main, ni mwendo wa robo saa hivi kwa miguu. (Usimwite mwenyeji Mbavaria. Eneo hili ni Frankonia, limetawaliwa kutoka München, mji mkuu wa Bavaria, tangu 1814 tu, na watu wa hapa bado wanalihesabu hilo kama jambo la juzi.)

Simama katikati ya daraja. Upande wa magharibi, ng'ambo ya mto, kuna kilima chenye mizabibu miteremkoni na ngome kubwa kileleni: Marienberg. Ugeukie mashariki, utaona barabara moja iliyonyooka ikiishia kwenye minara ya kanisa kuu la Mtakatifu Kilian. Nyuma ya kanisa hilo, ingawa huwezi kuliona kutoka hapo, liko kasri la Residenz. Ngome, kanisa kuu na kasri vyote vilikuwa vya mtu mmoja kwa cheo chake. Asubuhi aliweza kuadhimisha misa, mchana akaamua kesi ya mauaji, jioni akaidhinisha ushuru mpya wa forodha.

Daraja lenyewe linakuambia habari hiyo ukilitazama vizuri. Lilijengwa kuanzia 1473 mahali pa daraja la mawe la zamani zaidi, la karne ya 12, ambalo mafuriko makubwa ya 1342 yaliliharibu vibaya. Karibu 1730 zikawekwa sanamu 12 kubwa, sita kila upande. Nyingi unazoziona leo ni nakala. Kuna Kilian na wenzake wawili, Kolonat na Totnan, wamisionari kutoka Ayalandi waliouawa hapa karibu mwaka 689. Mapokeo yanasema walimkemea mtawala wa hapa, Gosbert, kwa kumwoa mjane wa ndugu yake, na mama huyo akaagiza wauawe. Kuna maaskofu wa kale wa mji. Halafu kuna Mtakatifu Fridericus na Mtakatifu Carolus Borromaeus, ambao kwa haraka haraka hawana uhusiano wowote na Würzburg. Sasa angalia askofu aliyekuwa madarakani siku hizo: Friedrich Carl von Schönborn. Mheshimiwa alijiwekea wasimamizi wa majina yake mawili juu ya daraja la umma, na watu wakapita wakiwainamia.

Askofu anapataje jeshi?

Ujerumani ya zamani haikuwa nchi moja. Ilikuwa mamia ya tawala, kubwa na ndogo, chini ya kaisari mmoja, katika kile kilichoitwa Dola Takatifu la Kirumi. Kaisari alikuwa na tatizo linalojulikana na kila mtawala: leo unamgawia mtemi ardhi kwa utumishi wake, kesho mwanawe anairithi, keshokutwa mjukuu anakuja kukuambia ni mali ya babu yake na wewe hakujui. Askofu hana mtoto wa kurithi, au tuseme hana anayetambulika kisheria. Akifa, kiti kinabaki wazi na mazungumzo yanaanza upya. Kwa hiyo makaisari waliona usalama katika kuwapa maaskofu mashamba, mahakama, ushuru na sarafu. Mwaka 1168 Kaisari Friedrich Barbarossa, aliyekuwa amefunga ndoa na Beatrix wa Burgundy humu humu Würzburg miaka 12 kabla, alimthibitishia askofu wa mji mamlaka ya kitemi juu ya eneo lake. Tangu hapo hadi mwanzoni mwa karne ya 19 mtu aliyekalia kiti hicho alikuwa mchungaji wa roho na mtawala wa nchi kwa pamoja. Wajerumani wana neno moja kwa cheo hicho, Fürstbischof. Sisi tuseme askofu-mtawala.

Hila ya makaisari ilikuwa na tundu. Askofu alichaguliwa na makanoni, yaani wajumbe wa baraza la kanisa kuu, na makanoni walitoka katika koo za makabaila. Ukoo wenye makanoni wengi ulijua namna ya kukirudisha kiti nyumbani, kama si kwa mtoto basi kwa ndugu au mpwa. Akina Schönborn walikuwa mabingwa wa mchezo huo: katika miaka michache ya karne ya 18 ndugu wawili wa tumbo moja walikaa kwenye kiti hicho cha Würzburg, huku jamaa zao wengine wakishika viti vya miji mingine.

Ingia kanisa kuu uone hali hiyo ikiwa imechongwa kwenye jiwe. Kwenye nguzo za kanisa kuna mawe ya makaburi ya maaskofu, na mazuri kuliko yote ni mawili yaliyofanywa na mchongaji Tilman Riemenschneider. Angalia la Rudolf von Scherenberg, aliyefariki 1495. Mchongaji hakumwonea aibu mzee: mashavu yamebonyea, ngozi imekunjamana, macho yamechoka. Mkono mmoja umeshika fimbo ya kichungaji, mwingine umeshika upanga. Watalii hupita hapo wakielekea altareni bila kusimama. Mimi naona jiwe hilo linaueleza mji kuliko kitabu chochote cha wageni.

Sasa ngome. Maaskofu walihamia Marienberg 1253, wakakaa huko hadi 1719. Ukijiuliza kwa nini mchungaji aishi kilimani, ng'ambo ya mto, mbali na kanisa lake, jibu ni kwamba aliwaogopa kondoo. Wenyeji wa mji, wafanyabiashara na mafundi, walitaka kujitawala kama miji mingine iliyokuwa chini ya kaisari moja kwa moja. Waligombana na maaskofu kwa vizazi, hadi Januari 1400 walipopigwa vibaya karibu na kijiji cha Bergtheim na ndoto hiyo ikaishia hapo. Mizinga ya Marienberg ililinda mji, ndiyo, lakini pia iliutazama.

Mwaka 1525 ikaja Vita vya Wakulima. Maelfu ya wakulima waliochoshwa na kodi na kazi za lazima waliizingira ngome, na mji ukajiunga nao. Ngome haikuanguka. Baada ya wiki chache wakulima walichinjwa uwanjani, na askofu akarudi kulipiza. Kati ya waliokamatwa alikuwamo Riemenschneider mwenyewe, yule yule mchongaji wa kaburi la Scherenberg, ambaye alikuwa mjumbe wa baraza la mji na aliwahi kuwa meya. Alifungwa ngomeni na kuteswa. Inasimuliwa kwamba walimvunja mikono. Hiyo huenda ni hadithi tu, ila baada ya kutoka kifungoni hakupata tena kazi kubwa. Alifariki 1531. Leo jumba la makumbusho lililo ndani ya ngome ile ile lina mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa kazi zake. Adamu na Hawa wake, waliokuwa mlangoni mwa kanisa dogo la sokoni, wanahifadhiwa humo, na waliosimama sokoni sasa ni nakala.

Kupanda hadi ngomeni kwa miguu kupitia kwenye mizabibu ni kama dakika ishirini au thelathini, kwa kutegemea magoti yako. Uani kuna kanisa la duara la kale sana, na kisima chenye kina cha zaidi ya mita 100 kilichochimbwa kwenye mwamba, kwa sababu ngome isiyo na maji haihitaji adui. Sehemu za ngome ziko kwenye ukarabati wa muda mrefu, basi uliza kipi kimefunguliwa kabla hujaanza kupanda mlima. Hata milango ikiwa imefungwa, mandhari ya mji kutoka ukutani haina kiingilio.

Wasweden waliiteka Marienberg 1631, katika Vita vya Miaka Thelathini. Miaka michache tu kabla yao, kati ya 1626 na 1631, askofu Philipp Adolf von Ehrenberg aliongoza mateso ya watu walioshutumiwa uchawi. Mamia waliuawa, watoto wakiwemo. Waongozaji wa watalii wengi huiruka sehemu hiyo. Lakini ndiyo bei ya hakimu, mchungaji na mtawala kuwa mtu mmoja: mshtakiwa hakuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Kasri, na dari yake

Mwaka 1719 alichaguliwa Johann Philipp Franz von Schönborn. Mizinga ya kisasa ilikuwa imeshapunguza maana ya kuishi kwenye ngome, na watawala wote wa Ulaya walikuwa wakijenga makasri ya bondeni kwa kumwiga mfalme wa Ufaransa. Askofu naye akataka lake. Fedha za kuanzia zilipatikana kwa njia ambayo msomaji wa magazeti yetu hataishangaa: ofisa mkubwa wa hazina alishtakiwa kwa ubadhirifu, naye akatozwa guldeni 600,000. Jiwe la msingi likawekwa 1720. Kazi alipewa Balthasar Neumann, kijana aliyefika Würzburg kama fundi wa kusubu mizinga na kengele, akajifunza uhandisi wa kijeshi, na ambaye bado hakuwa amejenga kitu kikubwa.

Hilo ndilo Residenz, lililoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981. Husimuliwa kwamba Napoleon aliliita nyumba kubwa ya paroko kuliko zote Ulaya. Kama una saa mbili tu Würzburg, achana na mengine yote, njoo hapa.

Unaingia chini kwenye ukumbi wa giza kiasi, uliotengenezwa ili magari ya farasi yaweze kugeukia humo humo ndani. Kisha unaanza kupanda ngazi, na dari inafunguka juu yako hatua kwa hatua. Ukumbi wa ngazi una upana wa mita 18 hivi na urefu wa zaidi ya mita 30, umefunikwa na kuba moja la mawe lisilo na nguzo hata moja katikati. Wajuzi wa wakati huo walisema litaanguka. Inasimuliwa kwamba Neumann aliwajibu kwamba yuko tayari mizinga ifyatuliwe chini yake. Hakuna aliyefyatua, jaribio lenyewe lilikuja miaka mia mbili baadaye, na tutalifikia.

Mwaka 1752 na 1753 mchoraji kutoka Venezia, Giovanni Battista Tiepolo, alilijaza kuba hilo kwa picha inayokaribia mita za mraba 600. Ni picha ya aina inayochorwa juu ya lipu mbichi: fundi hupaka lipu sehemu inayotosha kazi ya siku moja, mchoraji anapaka rangi kabla haijakauka, na rangi inazama na kuwa sehemu ya ukuta. Ukikosea unabandua. Ndiyo maana kazi ya ukubwa huo ilihitaji wasaidizi, wakiwemo wanawe wawili.

Picha inaonyesha mungu jua akichomoza, na pembeni mabara manne yaliyojulikana: Amerika, Asia, Afrika na Ulaya. Kila bara ni mwanamke. Amerika amepanda mamba. Asia amepanda tembo. Afrika, mwanamke Mweusi mwenye mapambo, yuko juu ya ngamia, na kando yake wako wafanyabiashara na shehena zao, mzee anayewakilisha Mto Nile, na tumbili anayemchokoza mbuni. Simama hapo kwa muda, ndugu msomaji. Tiepolo hakuwahi kukanyaga Afrika. Alichora kutokana na vitabu, nguo za maigizo na watu Weusi aliowaona Venezia, mji wa bandari. Kuna uzuri mkubwa katika nyuso zile, na pia kuna hesabu iliyofichwa. Ukimaliza nusu ya ngazi inabidi ugeuke, na ukigeuka ndipo unapoiona Ulaya. Yeye hajapanda mnyama yeyote. Amekaa kwenye kiti cha enzi, amezungukwa na muziki, uchoraji na usanifu, na juu yake picha ya askofu Carl Philipp von Greiffenclau inapaishwa mawinguni. Mabara matatu yanaleta bidhaa, la nne linaleta ustaarabu na bili inalipwa na mtu wa Würzburg. Mtu anaweza kuipenda picha hii na kuigombeza kwa pumzi moja. Mimi nimeshindwa kuchagua.

Usiondoke kabla hujamtafuta Neumann. Yuko chini ya Ulaya, amejilaza juu ya mzinga akiwa na sare zake za kijeshi, akiitazama kazi yake kama mtu asiye na wasiwasi.

Vyumba vingine ni vingi na dhahabu ni ya kutosha kumchosha mtu. Chumba cha Vioo kina habari yake: kile cha asili kiliteketea 1945, na unachokiona kilitengenezwa upya kati ya 1979 na 1987 kwa kutumia picha za zamani na kipande kimoja cha kioo kilichosalia. Bustani iliyo nyuma ni bure, na wanafunzi wa chuo kikuu huitumia kulalia majani wakati wa mitihani.

Usiku wa tarehe 16 Machi 1945

Sasa swali la flati. Vita vya Pili vilikuwa vinakaribia kwisha. Würzburg ilikuwa imeguswa kidogo, na wenyeji wengi walianza kuamini kwamba mji wa hospitali na makanisa utaachwa. Usiku wa tarehe 16 Machi, baada ya saa tatu, zaidi ya ndege 200 za Uingereza zilifika. Zilidondosha kwanza mabomu ya kupasua mapaa, halafu mamia ya maelfu ya mabomu madogo ya moto. Mpangilio huo ulikusudiwa: paa likishapasuka, moto unapata hewa na mbao. Shambulio lenyewe lilichukua dakika kama ishirini. Watu wapatao 5,000 walikufa, na karibu asilimia 90 ya mji wa kale ikawa majivu. Wiki chache baadaye wanajeshi wa Ujerumani waliokuwa wakirudi nyuma wakalipua na sehemu ya Daraja la Kale.

Kuba la Neumann lilibaki. Paa la mbao lililokuwa juu yake liliungua lote, likaanguka juu ya kuba, na kuba likaubeba mzigo huo wa moto. Lakini hatari haikuwa imekwisha, maana mchoro wa lipu bila paa huuawa na mvua. Aliyeuokoa ni ofisa wa jeshi la Marekani, John Davis Skilton, mtaalamu wa sanaa, aliyeukuta mji ukiwa magofu na akahangaika kutafuta mbao, ikabidi nyingine zielee juu ya Mto Main, ili kuba lifunikwe kwa paa la muda. Kanisa kuu halikubahatika hivyo: kuta za juu, zikiwa zimedhoofishwa na moto, ziliporomoka Februari 1946, na kanisa likafunguliwa tena 1967 tu.

Kwa hiyo unapotembea Würzburg unatembea katika mji uliokufa ukafufuliwa. Kulikuwa na mazungumzo ya kuuacha magofu na kujenga mahali pengine. Wakaamua kubaki, wakifuata mitaa ile ile ya zamani, majengo makubwa wakayarudisha yalivyokuwa na nyumba za watu wakazijenga haraka na kwa bei nafuu, kwa sababu watu walikuwa wanalala kwenye mahandaki. Falkenhaus, ile nyumba ya manjano ya sokoni yenye nakshi za lipu kama keki ya harusi, nayo ni ya kurudishwa. Wapo wanaosema huo ni uongo wa mawe. Sioni hivyo. Nyumba iliyojengwa upya na watu walioipoteza ina ukweli wake.

Katika jengo la halmashauri ya mji, hatua chache kutoka darajani, kuna chumba cha kumbukumbu chenye mfano mdogo wa mji ulivyokuwa baada ya moto. Hakina kiingilio. Ningekiweka mwanzo wa ziara, kabla ya kasri. Na kila tarehe 16 Machi usiku, kengele za makanisa yote hulia kwa muda ule ule shambulio lilivyochukua.

Kuna msiba mwingine ambao mji hauna kengele yake. Kanisa dogo la Bikira Maria hapo sokoni, zuri, jekundu na jeupe, ambamo Neumann amezikwa, lilianza kujengwa 1377 mahali palipokuwa na sinagogi. Sinagogi hilo na jumuiya ya Wayahudi waliolizunguka viliangamizwa 1349, mwaka wa tauni, Wayahudi waliposingiziwa kutia sumu visimani.

Hospitali inayouza mvinyo

Tuje kwenye kitendawili cha pili. Askofu-mtawala Julius Echter, yule yule aliyekifufua chuo kikuu mwaka 1582, alianzisha hospitali ya maskini mwaka 1576, nayo inaitwa Juliusspital hadi leo. Hospitali inahitaji fedha kila mwaka, si mara moja. Njia ya siku hizo haikuwa bajeti ya serikali bali wakfu: mwanzilishi anaitengea taasisi mashamba, misitu na mizabibu, na mapato yake yanalisha wagonjwa milele. Waislamu wa pwani wanaifahamu sana njia hiyo. Tofauti ni kwamba zao bora la miteremko ya Main ni zabibu. Bürgerspital, wakfu wa raia matajiri wa karne ya 14 kwa ajili ya wazee, ulifanya vivyo hivyo. Taasisi zote mbili bado zina wagonjwa na wazee juu, na maghala ya mvinyo chini. Katika ghala la Bürgerspital kuna chupa moja ya mvinyo wa mwaka 1540, mwaka wa ukame mkubwa Ulaya.

Mvinyo wa hapa ni mweupe, mkavu, hasa wa zabibu aina ya Silvaner, na mzuri wake huuzwa katika chupa bapa ya mviringo iitwayo Bocksbeutel. Wenyeji huunywa darajani, wamesimama, jioni, glasi mkononi. Unalipia glasi amana na unarudishiwa ukiirudisha. Asiyekunywa hakosi kitu: juisi ya zabibu ipo, na anayetazama jua likizama nyuma ya ngome hatozwi. Kuhusu chakula, jihadhari kama hutumii nguruwe, kwa maana soseji za Kifrankonia karibu zote ni zake, pamoja na zile zinazochemshwa kwenye siki na vitunguu hadi zinageuka rangi ya buluu. Migahawa ya Waturuki ipo, hasa kuelekea stesheni.

Chumba cha Röntgen, na Mwanza

Utawala wa maaskofu ulifutwa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa vurugu za Napoleon, na baada ya kupita mikono kadhaa Würzburg ikaangukia Bavaria. Mji ukawa wa chuo kikuu, hospitali na reli. Katika maabara moja ya chuo hicho, tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen aliona kibao kikiwaka gizani bila kuguswa na mwanga wowote. Wiki chache baadaye alikuwa na picha ya mifupa ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, pete ikiwa kidoleni. Alikataa kuuwekea ugunduzi wake hataza, na 1901 akawa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Maabara hiyo imehifadhiwa kwenye mtaa wa Röntgenring, dakika tano kutoka stesheni, na kuitembelea ni bure. Ni vyumba vichache tu vya kawaida, vya mbao na waya. Kila aliyewahi kupigwa eksirei ana deni dogo hapo.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa ana sababu yake ya kufika. Würzburg na Mwanza ni miji dada tangu 1966, mapema sana kwa undugu kati ya mji wa Kijerumani na wa Kiafrika. Uhusiano huo umebebwa zaidi na tiba na kanisa. Würzburg ndiko iliko taasisi ya Kikatoliki ya tiba ya kimisionari iliyoanzishwa 1922 kwa ajili ya kuandaa waganga wa kwenda ng'ambo, na hospitali ya Bugando imekuwa na uhusiano na madaktari wa mji huu kwa miaka mingi. Ukienda mwendo mfupi mashariki unafika abasia ya Münsterschwarzach, ya shirika lile lile la Wabenediktini wamisionari lililojenga Peramiho na Ndanda. Na kwenye majani ya ukingo wa Main ndiko lilikoanzia, 1989, tamasha la muziki wa Afrika lililokuwa miongoni mwa makubwa ya aina yake Ulaya.

Kuhusu muda: siku moja inatosha daraja, kanisa kuu, Residenz na ngome ukitembea kwa nidhamu, lakini mbili ni bora. Jumapili maduka hufungwa, makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na anayetoka kwetu anahitaji viza ya Schengen, ambayo iombwe mapema. Siku ya pili, kama ni kati ya masika na mapukutiko, panda boti hapo karibu na winchi ya kale ya mawe, kazi ya Franz Ignaz, mwana wa Neumann. Boti huteremka na mto kwa kama dakika arobaini hadi Veitshöchheim, mahali maaskofu walipokuwa na bustani ya kiangazi, yenye vichochoro vya miti iliyokatwa kama kuta na mamia ya sanamu, zikiwemo za miungu ya Kigiriki. Njiani utapishana na meli ndefu za mizigo. Tangu mfereji wa Main na Danube ukamilike 1992, chombo kinaweza kutoka Bahari ya Kaskazini hadi Bahari Nyeusi kikipitia chini ya yale matao unayosimamia jioni.

Ukirudi na bado una nguvu, kilima cha kusini mwa ngome kina kanisa la mahujaji liitwalo Käppele, nalo la Neumann, lenye vituo vya njia ya msalaba vinavyopanda pamoja na ngazi. Watu wengi hawafiki huko kwa sababu ya hizo ngazi. Uwanja wake wa juu ni mahali pekee ninapopajua mjini ambapo ngome, daraja, kanisa kuu na paa refu la Residenz vinaingia katika jicho moja, na kunakuwa na benchi tupu.